"Weye, ulipima?" Historia fupi ya sonda ya oksijeni, kutoka Göttingen mpaka Mwadingusha



Leo naandika juu ya kitu kidogo, ukubwa wake kama kidole gumba. Kwa miezi miwili nilikuwa nawaambia watu kwamba kitu hicho ndicho kilichokula minervali ya dada yangu. Siyo kweli. Aliyeila ni mimi, msomi mwenye diploma ya elektromekanika ukutani.

Kwetu ni Mwadingusha, kule mto Lufira unakoanguka na kuzungusha mashine za umeme. Wengine mnalijua jina hilo kwa sababu ya santrale, wengine kwa sababu ya samaki wa Tshangalele, ziwa lililozaliwa pale Lufira ilipozibwa. Mama anauza samaki. Mwaka juzi familia nzima tulichanga tukanunua gari dogo la mitumba la Kijapani, usukani kulia, lililoshuka bandarini Dar es Salaam, likapita Tunduma, likavuka Zambia na kuingia kwetu kwa mlango wa Kasumbalesa. Kazi yake ilikuwa moja: asubuhi kupeleka samaki Likasi, jioni kurudi na abiria. Faida yake ndiyo ilikuwa minervali ya dada, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu.

Siku moja taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Gari lilitembea vizuri tu, lakini likaanza kunywa. Tanki lililokuwa linatosha safari tatu za Likasi likawa linatosha mbili. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akachomeka mashine yake ya kusomea, ikatoa namba ya kosa, na maana ya namba ile ilikuwa kwamba hewa imezidi petroli ndani ya injini. Fundi akafunga mashine, akasema, "Njo sonda. Tubadilishe."

Tukaagiza sonda Lubumbashi, nikalipa. Taa ikazimika siku mbili. Siku ya tatu, kabla hatujafika Kapolowe, ikawaka tena. Nikarudi. Nikaambiwa ile sonda labda si nzuri, tutafute nyingine. Nikalipa ya pili. Taa ikarudi. Mara ya tatu ushauri ukawa tukate katalizeri kwenye bomba la moshi, na taa tuibandike utepe mweusi isisumbue macho. Pesa ya kukata haikuwepo tena. Minervali nayo haikuwa imelipwa, na dada yangu hakuingia kwenye mitihani ya sesheni ya kwanza. Alirudi nyumbani na begi lake, hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Baba yangu ni mstaafu wa santrale. Hajawahi kuwa fundi wa magari. Jioni ile alikuwa amekaa nje, akaniita.

"Ile sonda ilikuwa imekufa?"

"Fundi alisema imekufa, baba."

"Fundi alisema. Na weye, ulipima?"

Nikanyamaza.

"Ku santrale, mutu mwenye hakupima haguse kintu."

Hakuongeza neno. Usiku ule nilifungua madaftari yangu ya chuo, kisha nikaanza kutafuta: hii sonda imetoka wapi, nani aliyeitengeneza, na kwa nini? Nilichokipata ni historia, na ndani ya historia hiyo nilikuta namna ya kuipima. Ndiyo maana nawaletea vyote viwili pamoja.

Taa iliyoshindwa

Mambo yanaanza Ujerumani, mjini Leipzig. Mwaka 1889 mwanakemia kijana Walther Nernst alitoa kanuni ambayo mpaka leo wanafunzi wa kemia tunaikariri kwa jina lake. Tukiisema kwa maneno ya nyumbani ni hivi: kitu kikiwa kingi upande mmoja na kichache upande mwingine, tofauti hiyo inaweza kuzaa volti. Tofauti ikiwa kubwa, volti zinapanda. Tofauti ikiwa ndogo, zinashuka.

Mwaka 1897, akiwa Göttingen, Nernst huyohuyo alitengeneza taa. Badala ya uzi wa kaboni aliweka kijiti cha zirkonia, kitu kigumu kama kauri, kilichochanganywa na itria kidogo. Kijiti hicho kina tabia ya ajabu. Kikiwa baridi hakipitishi umeme. Kikipata moto mkali kinapitisha, na kinachotembea ndani yake si elektroni kama kwenye waya wetu wa shaba. Ni ayoni za oksijeni zenyewe. Taa ile baadaye ilishindwa sokoni na balbu zenye uzi wa metali. Nernst alipata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920 kwa kazi nyingine. Kijiti chake kikabaki maabara, kikisubiri kazi.

Chukua sasa zirkonia hiyo, uifinyange kama kofia ya kushonea, uipake platini nyembamba ndani na nje. Upande wa nje uache uguswe na moshi wa injini. Upande wa ndani uache uvute hewa safi ya duniani. Umeshapata sonda ya oksijeni. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo sana, yaani petroli imezidi, tofauti ni kubwa na sonda inatoa karibu volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, yaani hewa imezidi, tofauti ni ndogo na inatoa karibu volti 0.1. Katikati, kwenye volti 0.45 hivi, ndipo mchanganyiko ulipo sawa: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Shikeni mambo matatu hapo, nitayarudia. Sonda haisemi mpaka ipate moto, kama nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Inatoa umeme mdogo mno. Na inajua oksijeni tu. Haijui oksijeni hiyo imetoka wapi.

Los Angeles yatafuta shahidi

Kwa nini gari lihitaji kitu kama hicho? Magari ya babu zetu yalitembea bila hicho.

Jibu liko Los Angeles, Marekani. Kuanzia mwaka 1943 mji ule ulikuwa unafunikwa na ukungu mchafu, watu wanatokwa machozi barabarani mchana kweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule unapikwa na jua kutokana na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta. Mwaka 1970 ikapitishwa Sheria ya Hewa Safi iliyowataka watengenezaji wa magari wapunguze sumu za moshi kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Walilia sana, lakini walitii.

Dawa iliyopatikana ni katalizeri, lile sanduku kwenye bomba la moshi lenye matundu madogo kama sega la nyuki. Mafundi wa Dar es Salaam wanaliita masega. Ndani yake kuna metali za thamani kama platini na rodi. Katalizeri ya kuua sumu tatu kwa mpigo ina sharti moja gumu: mchanganyiko wa hewa na petroli lazima ukae palepale kwenye 14.7. Ukiyumba, sumu moja au nyingine inapita. Binadamu hawezi kukaa ndani ya bomba kuangalia. Alihitajika shahidi wa kusimama kwenye moshi na kuiambia kompyuta kila wakati: petroli imezidi, hewa imezidi, petroli imezidi.

Hapo ndipo kijiti cha Nernst kilipoitwa kazini. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza sonda hiyo kwa wingi, na Volvo ikaiweka kwenye magari yake ya 240 yaliyokwenda California. Wakaiita sonda lambda, kutokana na herufi ya Kigiriki ambayo wahandisi wanaitumia kuandika uwiano wa hewa. Miaka ya 1980 ikawekewa hita ndani ili ipate moto haraka. Ndiyo maana sonda nyingi za leo zina waya nne: mbili za hita, moja ya ishara, moja ya kurudishia.

Risasi, muuaji wa mashahidi

Sasa tuje kwetu Afrika, maana hapa ndipo nilipoelewa kwa nini fundi wangu alisema alichosema.

Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi kwa General Motors, aligundua kwamba ukitia kidogo madini ya risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga. Sumu ya risasi ilijulikana tangu zamani, na mwaka 1924 wafanyakazi walikufa kwenye kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kinatengeneza dawa hiyo. Biashara ikaendelea vilevile, dunia nzima, kwa miongo mingi.

Risasi inaharibu akili za watoto. Vilevile inafunika platini ya katalizeri na ya sonda mpaka vyote viwili vinakuwa vipofu. Ndiyo sababu Marekani, ilipoleta magari ya katalizeri mwaka 1975, ililazimika kuweka vituoni petroli isiyo na risasi. Afrika ilibaki nyuma. Magari ya mitumba yenye sonda yalianza kutufikia huku vituoni bado tunauziwa petroli yenye risasi. Ni mwezi wa sita mwaka 2001 ndipo nchi za kusini mwa Sahara zilipokutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ikawa imeondolewa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Hebu fikirieni fundi aliyejifunza kazi kabla ya 2006. Gari linakuja, taa inawaka, sonda kweli imekufa kwa risasi. Anaweka mpya, nayo inakufa. Mwisho anaona bora kukata katalizeri na kuzima taa, mteja aende zake. Kwa wakati wake, fundi yule hakuwa mjinga. Nadhani desturi ilizaliwa hapo: "taa ikiwaka, njo sonda." Naye akamfundisha kijana wake, kijana akamfundisha mwingine. Risasi imeondoka, desturi imebaki. Namna hiyo mimi, mwaka juzi, nililipia sonda mbili kwa kosa la petroli ambayo haiuzwi tena.

Jumamosi ya kupima

Jumamosi iliyofuata nilianza kazi, baba kwenye kiti, dada yangu anashika daftari.

Kwanza kifaa. Baba alitoa mita yake ya zamani yenye mshale, aliyoitunza kama dhahabu. Nikakumbuka la pili kati ya yale matatu: umeme wa sonda ni mdogo mno. Mita ya mshale inaunyonya, na inaweza kukuonyesha sonda mfu kumbe iko hai. Tukaazima multimita ya namba kwa jirani anayetengeneza simu na sola. Hizo zina ukinzani wa ohm milioni 10 hivi, hazinyonyi. Baba aliangalia mita yake, akacheka, akairudisha ndani. "Hata mita inapimwa," akasema.

Pili hita. Injini ikiwa baridi nilichomoa soketi ya sonda, nikapima ukinzani kati ya waya mbili za hita, ambazo mara nyingi zina rangi moja. Inatakiwa ohm chache, kwa kawaida kati ya 2 na 15. Nilipata 6. Kama mita haionyeshi chochote, hita imekatika. Kwenye soketi ya upande wa gari, swichi ikiwa imefunguliwa, tafuta volti 12. Zikikosekana angalia fyuzi kabla ya kulaumu sonda. Tahadhari: waya wa ishara haupimwi ohm. Unaweza kuua kitu kizima.

Tatu ishara yenyewe. Nikarudisha soketi mahali pake, maana sonda inapimwa ikiwa kazini. Nikapenyeza sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi mpaka ikagusa chuma cha waya wa ishara, bila kutoboa ngozi ya waya. Mita nikaiweka volti za moja kwa moja, kipimo cha 2. Mguu mweusi kwenye waya wa kurudishia. Tukawasha injini dakika 15 ipate moto, kisha dada akashikilia mwendo kama mizunguko 2,000 kwa dakika.

Sonda nzima, kwenye gari lisilo na kosa, haitulii. Inapanda mpaka 0.8, inashuka mpaka 0.2, inapanda tena, mara kadhaa ndani ya sekunde 10, kwa sababu kompyuta inaongeza na kupunguza petroli bila kuchoka. Yetu ilikuwa imelala kwenye 0.1. Moyo ukaniruka: kumbe fundi alikuwa na haki, hata hii imekufa!

"Usiseme bado," baba akasema. "Muulize kintu kingine."

Hilo ndilo swali la nne, na ndilo linalotenganisha shahidi mfu na shahidi anayesema ukweli. Dada akakanyaga gesi ghafula. Petroli ikaingia kwa wingi, na mita ikaruka: 0.84. Akaachia, ikashuka mara moja. Tukarudia mara tano. Kila mara iliruka, haikuchelewa. Sonda iliyokufa hairuki. Iliyozeeka inaruka kwa uvivu. Yetu ilikuwa hai kabisa. Nikazima, nikasubiri bomba lipoe, nikatoa ile sonda ya kwanza iliyokuja na gari kutoka Japani, niliyokuwa nimeitupa kwenye boksi. Nikaifunga, nikarudia vipimo. Nayo iliruka.

Haikuwahi kufa.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Dada aliandika namba zote kwenye daftari, mstari kwa mstari, hakuniangalia usoni.

Basi kama shahidi anasema kweli, oksijeni ile ilitoka wapi? Hapo ndipo la tatu liliponijia: sonda haijui oksijeni imetoka wapi. Asubuhi ya Jumapili, injini ikiwa baridi, niliwasha gari nikainama karibu na pale bomba la moshi linaposhikana na injini. Tik, tik, tik. Gasketi ilikuwa imepasuka, na alama nyeusi ya masizi ilikuwa pembeni yake, wazi kabisa. Kati ya pumzi moja ya moshi na nyingine, hewa ya nje ilikuwa inavutwa kupitia ufa ule. Sonda ikaona oksijeni, ikasema "hewa imezidi". Kompyuta ikaamini, ikaongeza petroli. Ndiyo maana gari lilikunywa. Sonda haikudanganya hata siku moja. Sisi ndio tuliomfukuza shahidi mara mbili kwa sababu hatukupenda ushahidi wake.

Gasketi tuliipata Likasi kwa bei ndogo kuliko ya kujaza tanki. Taa ikazimika, na safari zikarudi tatu.

Neno kwa mafundi na wenye magari mapya kidogo: kuna magari ambayo sonda ya mbele ni ya aina nyingine, inayopima uwiano kwa upana zaidi, na hiyo haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Isome kwa mashine ya kompyuta, usiihukumu kwa multimita. Na sonda ya nyuma ya katalizeri inatakiwa itulie. Ikicheza kama ya mbele, katalizeri ndiyo imechoka.

Nilichobaki nacho

Santrale ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Union Minière, ikiitwa Francqui. Jina limebadilika, mwenye mali amebadilika, na mwaka 2021 mashine zake sita zilimaliza kufanywa upya. Baba anasema kitu kimoja hakikubadilika katika miaka yake yote pale: kabla ya kugusa, unapima. Aliyemfundisha hakuwa na diploma, na yeye mwenyewe hana. Mimi ninayo, na nilisahau.

Sisi wasomi tunapenda kusema mafundi wa mtaani wanabahatisha. Lakini fundi wangu angalau alikuwa na historia ya kumtetea: alirithi jibu lililokuwa sahihi kwa petroli ya zamani. Mimi nilikuwa na kanuni ya Nernst kwenye daftari, na sikuifungua mpaka dada yangu alipokosa mitihani. Kati yetu wawili, nani alibahatisha?

Dada aliingia sesheni ya pili, akapita. Minervali ilitoka kwa samaki wa mama, safari baada ya safari. Lile daftari la vipimo hakunirudishia. Anasema ni lake, na siku nitakapomwambia tena "fundi amesema", atalifungua.

Ile sonda ya Japani bado iko kwenye gari. Zile mbili nilizonunua ziko kwenye boksi chini ya kitanda changu, nzima kabisa.